Kusoma fasihi ya baada ya ukoloni na ya ughaibuni chuoni: anza na riwaya, anza na Kiswahili chako

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya kurasa nane kuhusu riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kurasa tatu za mwanzo nilizijaza mwananadharia Homi Bhabha, wa nne nikampa mwananadharia mwingine, Edward Said, na riwaya yenyewe ikaja kuchungulia ukurasa wa tano. Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni: je, kitabu nilikuwa nimekisoma? Nilikuwa nimekisoma mara moja tu, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Swali lile liliniuma kwa sababu darasani nilikuwa mzungumzaji wa Kiswahili peke yangu. Yalikuwamo maneno ndani ya riwaya ile ambayo mimi nimekua nayo na wenzangu wanayakisia tu, na sikuyagusa hata moja. Nilikwenda kuazima maneno ya watu wengine, yangu nikayaacha mezani.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoifuata baada ya siku ile. Inamfaa aliye Dar es Salaam au Nairobi, na inamfaa aliye Leeds au Toronto. Mfano wangu mkubwa ni Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana wa miaka 18, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Huyu anatuhusu moja kwa moja.

Kwanza, jua kozi yenyewe imetoka wapi

Usipite haraka hapa, maana sehemu kubwa ya historia ya somo hili ilifanyika kwetu. Mwaka 1962 Makerere palifanyika mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado mwanafunzi, alikuwamo kwa sababu alikuwa na hadithi fupi chache alizoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na mashairi, riwaya na insha za maisha mazima, hakuwa na nafasi kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwaka huohuo. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia jambo hili miaka mingi baadaye katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, na ni vizuri ukasome alivyolisema.

Kisha tarehe 24 Oktoba 1968, Chuo Kikuu cha Nairobi, wahadhiri watatu waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Walikuwa Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Hawakusema Shakespeare asisomwe. Walihoji kwa nini Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe pembezoni. Waraka ule ni mfupi. Usome wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya kitabu chochote cha nadharia, kwa sababu maswali ambayo vyuo vya Ulaya vilianza kuyauliza kwa sauti kubwa miaka ya 1980 yalikuwa yameshaulizwa Nairobi kwa lugha nyepesi zaidi.

Ukishaujua, hutaona haya kumuuliza mwalimu wako kwa nini silabasi yote ni ya Kiingereza. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Pili, shika riwaya moja na uisome mara mbili

Orodha ya kozi inaweza kuwa na vitabu kumi au kumi na viwili. Vyote utavisoma, ila chagua kimoja kiwe chako. Kwa Gurnah ninapendekeza Paradise ya mwaka 1994 au By the Sea ya mwaka 2001.

Usomaji wa kwanza uwe wa kufuata kisa. Usisimame kila aya kupigia mstari. Hesabu kurasa, zigawe kwa siku ulizo nazo, na umalize walau wiki mbili kabla ya semina. Usomaji wa pili ndio wa kazi, nao hauhitaji kuwa wa kitabu kizima: rudi kwenye sura ulizohisi kuna kitu kimekupita. Kama umenakili kitabu steshenari kwa sababu nakala ya maktaba ni moja na foleni ni ndefu, hakikisha ukurasa wa hakimiliki umenakiliwa pia. Bila huo utahangaika kwenye marejeleo.

Tatu, fungua daftari la maneno

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokutenga na mwanafunzi asiye na Kiswahili. Kila neno la Kiswahili au la Kiarabu unalolikuta ndani ya Kiingereza, liandike pamoja na namba ya ukurasa. Andika Kiingereza kinalieleza vipi, au kama kimeliacha bila maelezo. Kisha andika wewe unalijua vipi: umelisikia wapi, linasemwa na nani, kwa sauti gani.

Chukua Paradise. Yusuf ni mvulana wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Neno la hali hiyo ni rehani. Sisi huweka rehani nyumba, shamba, baiskeli. Sarufi yenyewe ya neno imezoea vitu. Linapomwangukia mtoto, msomaji wa Kiswahili anashtuka kabla hata hajafikiri, na mshtuko huo ni hoja ya insha.

Yusuf amezoea kumwita Aziz kwa neno la Kiingereza, uncle, linalomaanisha mjomba, au ami, au baba mdogo. Hapo simama. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Sisi hatuchanganyi, kwa sababu haki na wajibu wa kila mmoja ni tofauti. Khalil, kijana aliyemtangulia Yusuf katika utumwa huo wa deni, anamwambia waziwazi kwamba yule si ndugu yake na amwite seyyid, yaani bwana. Sasa jiulize: je, ukungu wa neno la Kiingereza unasaidia kuficha biashara iliyofanyika? Paradise imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Fungua ukurasa uleule uone mfasiri aliamua neno gani, na uamuzi wake umefunga mlango upi na kufungua upi. Zoezi hilo la nusu saa litakupa zaidi ya mhadhara mzima juu ya tafsiri.

Khalil huyohuyo humtania Yusuf kwa kumwita kifaurongo. Kiingereza kinalieleza kama mtu aliye hai lakini amekufa, na msomaji wa nje anaondoka na picha ya mzubaifu. Lakini mtoto yeyote aliyecheza vichakani anaujua mmea wa kifaurongo: ukiugusa majani yanajikunja, ukiondoka yanafunguka tena. Haujafa, unajificha. Kwa hiyo ndani ya tusi kuna siri ya namna mnyonge anavyoishi mbele ya mwenye nguvu. Liweke neno hilo akilini, tutalirudia.

Na majina nayo ni maneno. Aliyesoma madrasa hawezi kukutana na Yusuf, na tajiri aitwaye Aziz, na mke wa tajiri anayemtamani kijana, na shati linalochanwa kwa nyuma, asiikumbuke Sura Yusuf. Kazi yako haiishii kusema kwamba umeitambua. Onyesha pale riwaya inapoiacha sura. Nabii Yusuf anaishia kuwa mtunza hazina wa Misri. Angalia Yusuf wa Gurnah anaishia akikimbilia wapi, na nyuma ya nani.

Nne, usiigeuze riwaya kuwa albamu ya nyumbani

Furaha ya kuona mji wako umeandikwa ni kubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi wa kwetu zinazosema kwamba mwandishi ameonyesha utamaduni wa Waswahili kama ulivyo, basi. Hiyo si hoja. Mwandishi huchagua, hupanga na huacha.

Gurnah haoneshi pwani iliyokuwa pepo mpaka Wajerumani walipofika. Kabla ya bunduki za Wajerumani tayari kuna watoto waliowekwa rehani, kuna utumwa, na kuna wafanyabiashara wanaowaita watu wa bara washenzi bila kusita. Kama asili yako ni ya pwani, utavutwa kutetea. Kama ni ya bara, utavutwa kushitaki. Hisia zote mbili ni za kweli na zina historia, ila ziandike kwanza kwenye daftari lako la pembeni, kisha urudi kwenye sentensi uone kitabu chenyewe kinafanya nini. Mimi ninaamini kukataa kuosha historia ya watu wake ndiyo nguvu kubwa ya Gurnah, na ninaamini pia mwanafunzi anayeiruka sehemu hiyo ili asimuudhi mtu amekinyima kitabu haki yake.

Tano, tafuta nyaraka za Kiswahili zilizo nyuma ya riwaya

Wenzako wasio na Kiswahili watasoma historia ya misafara kwa wasafiri wa Kizungu. Wewe una zaidi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, simulizi za watu wa pwani waliosafiri wenyewe. Kuna pia Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyesimulia habari zake kwa Kiswahili. Soma kurasa ishirini za moja ya hizo kisha urudi kwenye safari ya bara ndani ya Paradise. Utasikia mahesabu ya bidhaa, hongo kwa watawala wa njiani, wapagazi wanaokimbia na magonjwa, na utaweza kusema riwaya imeongeza nini ambacho msafiri mwenyewe hakukisema. Kwa mfano, jaribu kutafuta mtoto katika simulizi za wafanyabiashara, umlinganishe na macho ya Yusuf.

Kwa Afterlives ya mwaka 2020, inayohusu Waafrika waliokuwa askari wa jeshi la Wajerumani na waliobaki nyumbani, soma habari za Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita ya Kwanza ya Dunia, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili huko na kuigiza katika filamu, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ukimaliza riwaya utaelewa kwa nini nimemtaja. Na utaona kwamba ughaibuni wa Waswahili haukuanza na ndege ya kwenda London.

Sita, sasa leta nadharia, na ulete kidogo

Majina utakayopewa ni yaleyale karibu kila chuo. Frantz Fanon, na kwake anza na The Wretched of the Earth ya mwaka 1961. Edward Said, Orientalism, 1978. Gayatri Spivak na makala yake ya mwaka 1988 inayouliza kama mnyonge wa mwisho anaweza kusema akasikika. Bhabha, The Location of Culture, 1994, ambacho ni kigumu kwelikweli. Soma sura moja polepole na usijilaumu. Kwa diaspora, yaani ughaibuni, Stuart Hall ndiye ninayempendekeza kabla ya wote, makala yake ya mwaka 1990 kuhusu utambulisho wa kitamaduni na diaspora, kwa sababu anaandika ili aeleweke.

Kanuni yangu ni hii: dhana moja kwa insha moja. Ieleze kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, kwa mtu wa nyumbani asiyesomea fasihi. Ukishindwa, hujaielewa bado, rudi usome. Ukiweza, ipeleke kwenye ukurasa mmoja wa riwaya na utafute mahali inapokwama. Pale inapokwama ndipo penye insha.

Mfano: Paul Gilroy aliandika The Black Atlantic mwaka 1993, kitabu kikubwa kuhusu watu weusi na bahari iliyowatenganisha na kuwaunganisha. Lakini bahari ya Gurnah ni nyingine. Ndani ya By the Sea kuna mfanyabiashara kutoka Bahrain anayekuja na upepo wa musimu, na kuna udi, udi al-qamari. Mzee Saleh Omar, mhusika mkuu, alidhani maana yake ni udi wa mwezi, mpaka alipoelezwa kwamba qamari hapo limetokana na jina la Wakhmer, yaani Kambodia. Kijipande kimoja cha udi kinakuonyesha mtandao uliokuwapo karne nyingi kabla ya meli za Wazungu. Je, dhana iliyojengwa juu ya Atlantiki inatosha kuueleza? Una swali lako.

Saba, tunga swali kabla ya kutunga insha

Mada kama utambulisho katika By the Sea si swali, ni kichaka. Nitakuonyesha namna ya kukifyeka.

Saleh Omar, mzee wa miaka sitini na mitano, anatua uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi. Anajua Kiingereza vizuri, lakini anajifanya hakijui. Pasi aliyonayo ina jina la Rajab Shaaban. Msomaji wa Kiswahili anaona hapohapo miezi miwili inayotangulia Ramadhani. Kisha baadaye anagundua kwamba jina hilo ni la mtu ambaye Saleh alikuwa na ugomvi naye wa nyumba. Ofisa wa uhamiaji anampokonya kisanduku chake cha udi. Na mzee anapokuja kusema, anaazima maneno ya karani Bartleby wa Herman Melville, yule anayekataa kila kitu kwa upole.

Sasa uliza: kwa nini mtu mwenye lugha anaificha, na kunyamaza kunampa nini? Hapa kifaurongo kinarudi. Mmea uliojikunja huko Paradise unajikunja tena Gatwick, miaka saba ya uandishi baadaye. Kutoka hapo unaweza kumwita Spivak, kwa sababu kwake swali ni mnyonge asiyesikika, na hapa tuna mtu anayechagua kutosema. Insha ya maneno elfu mbili inatoka kwenye sentensi hizo chache. Andika swali lako juu ya karatasi, libandike mbele yako, na aya yoyote isiyolijibu ifute hata kama imekugharimu usiku mzima.

Nane, kuandika kwenyewe

Hapa nitakuwa mfupi, maana kila idara ina taratibu zake. Kila aya ianze na dai lako, ifuate nukuu fupi, kisha sentensi zako ziwe nyingi kuliko za mwandishi. Neno la Kiswahili ukilitumia lieleze, hata kama mtahini wako ni mtu wa Tanga. Unamwandikia msomaji yeyote. Usiandike kwamba Waafrika wote wanaamini jambo fulani. Andika ni nani, wapi, lini.

Madesa, yaani notsi, ya waliotangulia yasome ukipenda, ila yafunge kabla hujashika kalamu. Sentensi ya mwenzako ikikaa kichwani itaingia kwenye insha bila wewe kujua, na wizi wa kitaaluma hauulizi kama ulikusudia. Diskasheni za kikundi zinafaa zaidi mkipeana kurasa: kila mtu alete aya moja ya riwaya na maswali mawili, asilete muhtasari.

Kwa makala za uhakiki, muulize mkutubi ni hifadhi zipi za majarida chuo kimelipia. Wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kujua nywila wanayo. Tafuta jarida la Wasafiri, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1984 na Susheila Nasta, likachukua jina lake kwenye Kiswahili chetu. Waandishi wengi wa diaspora wamepita humo, Gurnah akiwamo. Na usisahau kwamba Gurnah ni mhakiki pia: yeye ndiye mhariri wa juzuu mbili za Essays on African Writing.

Tisa, toka nje ya Gurnah

Ukimaliza muhula naye, mweke kando ya mwingine. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akaishi Kanada. The Gunny Sack, ya mwaka 1989, inaanza na gunia la kumbukumbu alilorithi kijana wa jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Kiswahili chake si cha Zanzibar. Ni cha dukani, cha Kariakoo, cha mtu anayeuliza kama hapa ni kwao. Fungua daftari jipya la maneno na ulinganishe. Ni nani anaruhusiwa kusema neno gani, na kwa nani? Dada yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniambia wanafunzi wake walilijibu swali hilo vizuri kuliko mimi, kwa sababu wao wanapanda daladala kila siku na kusikia Kiswahili cha kila aina.

Kama tasnifu yako iko njiani, ninakushauri uchukue kurasa kumi za Paradise na kurasa kumi zilezile za Peponi, uziweke bega kwa bega, na uandike orodha ya kila mahali ambapo Kiswahili kimesema zaidi, kimesema pungufu, au kimelirudisha neno kwa mwenyewe. Ipeleke orodha hiyo kwa msimamizi wako katika kikao cha kwanza, kabla ya pendekezo la utafiti.